Ip Man: Tajiri aliyefilisika akabaki na mikono yake tu

Na MWANDISHI WETU

WAPENZI wa filamu za mapigano waliolelewa katika mitaa ya Nairobi na Mombasa hawana haja ya kuelezwa Bruce Lee alikuwa nani. Vibanda vya video vilijaa pomoni kila filamu yake ilipowekwa, na jioni vijana walirudi nyumbani wakirusha mateke hewani, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye Bruce mwenyewe.

Ni wachache, hata hivyo, waliojishughulisha kuuliza ni nani aliyemfunza nyota huyo kukunja ngumi. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, mpole wa sura, mpenda chai na soga, aliyefundisha katika vyumba vya kukodi mjini Hong Kong hadi umri ukamlemea. Aliaga dunia mnamo 1972 bila mali ya kutajika. Jina lake ni Ip Man.

Tangu mwaka wa 2008, mwigizaji Donnie Yen alipoyaigiza maisha yake, jina hilo limevuma kote duniani. Lakini Ip Man wa filamu na Ip Man aliyeishi ni watu wawili tofauti, na kwa maoni ya mwandishi huyu, yule aliyeishi ndiye anayevutia zaidi.

Alizaliwa Oktoba 1893 katika mji wa Foshan, jimbo la Guangdong, kusini mwa Uchina. Foshan ulikuwa mji wa ufinyanzi, hariri na biashara, na aila yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoneemeka. Mtoto wa nyumba ile hakuwa na sababu yoyote ya kujifunza kupigana. Waliopigana walikuwa walinzi, wachukuzi na waigizaji wa michezo ya jukwaani. Mwana wa bwanyenye alitarajiwa kusoma vitabu na kurithi mali.

Hata hivyo, katika jumba la ukoo wao alikodi nafasi mwalimu mmoja, Chan Wah-shun, aliyekuwa amewahi kufanya kazi ya kubadilisha fedha sokoni. Hapo ndipo alipofunzia mtindo uitwao Wing Chun. Mvulana alikuwa akichungulia, na hatimaye akaomba kuingia.

Inasimuliwa kwamba Chan, akitumai kumkatisha tamaa, alimtajia karo kubwa. Kijana akarudi na fedha zote mkononi. Mwalimu, kwa kushuku kwamba zimeibwa, akamfikisha kwa wazazi, na huko ikabainika kuwa zilikuwa akiba ya mtoto mwenyewe. Iwe kisa hiki kimetiwa chumvi au la, kinatuonyesha jambo moja la hakika: elimu hiyo ilikuwa ghali na ilitolewa kwa kipimo. Inasemekana wanafunzi wa Chan katika maisha yake yote hawakuzidi kumi na sita. Ip Man alikuwa wa mwisho. Mzee alikuwa amedhoofika tayari, na sehemu kubwa ya mafunzo ya kijana huyo ilitoka kwa Ng Chung-sok, mwanafunzi mkubwa wa Chan.

Kuhusu chimbuko la mtindo wenyewe, masimulizi yanayopendwa ni haya. Mtawa wa kike wa Kibudha, Ng Mui, alikimbia baada ya hekalu la Shaolin kuteketezwa. Huko mafichoni akamfunza msichana aliyeitwa Yim Wing Chun namna ya kumkabili jambazi aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Msichana akashinda, akaolewa na mchumba wake, na mtindo ukabeba jina lake. Kutoka hapo ukapita kwa waigizaji waliosafiri mitoni kwa mashua nyekundu, ukamfikia Leung Jan, tabibu wa miti shamba wa Foshan, na kutoka kwake ukafika kwa Chan.

Wanahistoria hawajapata ushahidi wa mtawa huyo wala wa msichana. Leung Jan na Chan ndio wanaotambulika kuwa watu walioishi. Hata hivyo, si ajabu kwamba wafuasi wa Wing Chun hawataki kuachana na hadithi hii. Mitindo mingi hujivunia simba, chui au shujaa wa vitani. Huu wao hujivunia wanawake wawili ambao hawakuwa na nguvu za misuli, na mbinu zake nyingi zinaeleweka vyema zaidi mtu akizitazama kwa jicho hilo.

Akiwa barobaro, Ip Man alipelekwa Hong Kong, wakati huo koloni la Uingereza, akajiunga na shule ya St Stephen's College, iliyosomesha watoto wa jamaa zenye uwezo. Huko, kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenezwa na wanafunzi wake, aliambiwa kuhusu mzee mmoja aliyejua kupigana. Kijana alikwenda kumjaribu, kifua mbele, kwani hadi hapo hakuwa amepata wa kumshinda. Mzee alimdhibiti kana kwamba anacheza na mtoto. Baadaye ilibainika kuwa huyo alikuwa Leung Bik, mwana wa tabibu Leung Jan.

Chan, inasemwa, alikuwa mtu wa miraba minne na aliupigana mtindo huo kwa mabavu. Leung Bik alikuwa na umbo dogo, hivyo alitegemea miguu, pembe na wakati. Ip Man naye alikuwa mdogo wa mwili. Baadhi ya watafiti wanatilia shaka kisa hiki cha Leung Bik, wakisema kilibuniwa ili kuipa elimu ya Ip Man nasaba ya pili. Huenda wana haki. Ila waliomwona akifundisha uzeeni wanakubaliana kwamba hakupigana kama mtu wa mabavu.

Aliporejea Foshan alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alioa, akapata watoto, na akajiunga na polisi ambako alihudumu katika upelelezi. Wing Chun kwake ilikuwa starehe ya mtu aliyejaliwa wakati na pesa. Alifanya mazoezi na marafiki, akawafunza vijana wachache bila karo. Hakufungua shule. Lau mambo yangaliendelea hivyo, pengine angalikufa akiwa mzee mwenye heshima zake mjini Foshan na ni watu wachache tu wangalimjua nje ya mji huo.

Mambo hayakuendelea hivyo. Oktoba 1938 majeshi ya Japani yaliiteka Foshan. Mali ya ukoo ilipukutika na chakula kikawa adimu. Hapa ndipo filamu zinapomweka ulingoni akiwaangusha Wajapani kumi kwa mkupuo na kumpiga jenerali wao mbele ya umati. Hakuna ushahidi kwamba pambano hilo lilitokea. Kinachosimuliwa ni kwamba alikataa kuwafunza maadui, na kwamba zipo siku ambazo yeye na jamaa yake walikula kwa hisani ya mmoja wa wanafunzi wake. Kwa mtu aliyezaliwa katika jumba la kifahari, kula chakula cha mwanafunzi kwa sababu huna chako ni pigo ambalo waandishi wa filamu hawakuona umuhimu wa kulionyesha.

Vita vilipomalizika 1945 alirudi katika polisi chini ya serikali ya chama cha Kuomintang. Miaka minne baadaye Wakomunisti walitwaa nchi. Afisa wa polisi wa utawala ulioanguka, tena mwana wa matajiri, hakuwa na mustakabali mzuri. Akiwa na umri wa miaka 56 aliondoka Foshan, akapitia Macau na kuingia Hong Kong mnamo 1950.

Mkewe, Cheung Wing-sing, alifika Hong Kong kuchukua kitambulisho, kisha akarudi Foshan. Mnamo 1951 mpaka ukafungwa. Hawakuonana tena. Mama huyo alifariki 1960, na wana wao wawili wa kiume, Ip Chun na Ip Ching, hawakuweza kuungana na baba yao hadi 1962. Huko Hong Kong mzee aliishi na mwanamke mwingine kutoka Shanghai na wakapata mtoto, jambo ambalo halikuwapendeza baadhi ya wanafunzi wake. Wapo waliomhama.

Mji ule ulikuwa umefurika wakimbizi, na miongoni mwao walikuwamo walimu wa kung fu wa kila aina. Rafiki alimpeleka kwa chama cha wafanyakazi wa mikahawa katika mtaa wa Sham Shui Po. Mmoja wa viongozi wa chama hicho, Leung Sheung, alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa ambaye tayari alikuwa na ujuzi wa mitindo mingine. Inasimuliwa kwamba walipogusana mikono, yule mkubwa alijikuta akisukumwa huku na huko na mzee aliyeonekana kana kwamba angepeperushwa na upepo. Leung Sheung akawa mwanafunzi wake wa kwanza Hong Kong.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba elimu iliyouzwa kwa fedha nyingi na kufichwa ndani ya jumba la ukoo ikaanza kufundishwa kwa wapishi na wahudumu wa mikahawa baada ya zamu. Hakuwa na namna nyingine ya kupata riziki. Waliozoea kumwita tajiri sasa walimwona akipokea karo kutoka kwa watu waosha sahani.

Mwanzoni wengi hawakudumu. Mwanafunzi mpya alitarajia mateke ya kuruka na mikao ya kutisha. Badala yake aliambiwa asimame mahali pamoja, magoti yameelekezwa ndani, na ausogeze mkono mbele polepole kama mtu anayesukuma mlango asitake kuwaamsha waliolala. Huo ndio mtungo wa kwanza, Siu Nim Tau, jina ambalo maana yake ni wazo dogo. Miguu haisongi hata hatua moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna watu waliofanya hivyo kwa wiki kadhaa wakaamua kwamba wanapotezewa wakati.

Waliobaki ndio waliogundua utamu wake, na ni utamu huo huo ambao wafuasi wa Wing Chun wa leo, wawe Hong Kong, Ujerumani au Australia, watakusimulia hadi usiku wa manane ukiwapa nafasi.

Watakuambia kwanza kuhusu mstari wa kati. Uchore kutoka utosini, upite puani, kooni, kifuani hadi kitovuni. Kila kilicho muhimu mwilini kiko juu ya mstari huo au karibu nao. Anayeumiliki wake na kuushambulia wa mwenzake ana njia fupi, na mwenye njia fupi hahitaji kuwa na kasi kubwa. Ngumi ya Wing Chun haizungushwi kutoka begani. Hutoka katikati ya kifua, imesimama wima, kiwiko kikiwa chini, na inapofika nyingine imeshaanza safari. Mkono unaokinga ndio huo huo unaopiga. Hakuna kinachofanywa kwa ajili ya kupendeza macho.

Kisha watakuambia kuhusu chi sao, yaani mikono inayonata, na hapo nyuso zao hung'aa. Watu wawili husimama wakikabiliana, vigasha vikiwa vimegusana, na kuanza kuizungusha mikono bila kuachana. Si pambano wala si ngoma. Kila mmoja husikiliza kwa ngozi: akisukumwa sana, anaachia njia, akiachiwa nafasi, mkono wake unaingia wenyewe. Mazoea hayo yakikolea, jibu hutoka kabla ya jicho kuona swali. Ni zoezi ambalo kijana mwenye nguvu hushindwa na mwanamke wa makamo na asijue ameshindwaje, na wengi hukiri kwamba ni siku ile walipoduwazwa namna hiyo ndipo walipotekwa na mtindo huu.

Yapo mengine: mtungo wa pili, Chum Kiu, unaofunza kutafuta daraja la kumfikia adui, wa tatu, Biu Jee, wa vidole, ambao zamani haukufunzwa kwa kila mtu, sanamu ya mbao yenye mikono mitatu na mguu mmoja, mti mrefu na visu viwili. Ni hayo tu. Mitindo mingine ya kusini mwa Uchina ina mitungo kwa makumi. Uchache huu ni sehemu ya mapenzi ya watu kwa Wing Chun, kwani mtu anaweza kuwa nao wote kichwani na bado maisha yasitoshe kuusahihisha wa kwanza.

Tena hauhitaji uwanja. Hong Kong ya wakati ule ilikuwa mji wa vyumba finyu na paa tambarare, na mtindo unaoweza kufanyiwa mazoezi kati ya kitanda na meza ulifaa mno. Juu ya paa hizo vijana wa shule mbalimbali walikutana kisirisiri kupimana nguvu. Mwanafunzi wake Wong Shun-leung alijipatia sifa katika mapambano hayo, na ushindi wa vijana hao ulimletea Ip Man wanafunzi kuliko ambavyo tangazo lolote lingefanya.

Kama mwalimu, Ip Man aliacha desturi nyingi. Walimu wengi wa enzi yake walifunika maelezo kwa istilahi za kale, kama vile nguvu za asili tano. Yeye aliyepitia shule ya Kiingereza alieleza kwa pembe, mwelekeo na nguvu, mambo ambayo mpishi angeweza kuyahakikisha mwenyewe papo hapo kwa kigasha chake. Aliwapima watu, akamfunza kila mmoja kwa kadiri ya mwili na akili yake. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wake wakuu walitoka na mikono isiyofanana kabisa, na tangu afe wamekuwa wakizozana, wao na wanafunzi wao, kuhusu ni nani aliyepewa Wing Chun halisi. Lawama ya zogo hilo, mwandishi huyu anaona, ni ya mwalimu kwa kiasi fulani. Hakuandika kitabu cha mafunzo, na hakumteua mrithi.

Miongoni mwa vijana waliopita kwake katika miaka ya 1950 alikuwemo mwana wa mwigizaji, mtundu, mwepesi wa kugombana barabarani. Huyo ndiye Bruce Lee, aliyezaliwa San Francisco mwaka wa 1940. Sehemu kubwa ya mazoezi yake aliyafanya na Wong Shun-leung na wenzake wakubwa. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wanafunzi walipinga kufunzwa kwake walipofahamu kuwa mama yake alikuwa na damu ya Kizungu. Mnamo 1959 aliondoka kwenda Marekani akiwa hajaumaliza mtindo, na huko akaanza kufunza watu wa kila rangi. Baadaye aliuchanganya na mbinu nyingine na kuuita wake Jeet Kune Do, lakini ngumi ile fupi, ya inchi moja, iliyowashangaza watazamaji Long Beach mwaka wa 1964, ina mizizi yake katika vyumba vile vya kukodi vya Ip Man.

Si haki kumchora Ip Man kama malaika. Baadhi ya wanafunzi wake wa zamani wamedai kwamba alikuwa mraibu wa kasumba, na kwamba sehemu ya karo iliishia huko. Alihamahama kutoka jengo moja hadi jingine, na idadi ya wanafunzi ilipanda na kushuka. Pia mtindo wenyewe haukosi wakosoaji. Katika miaka ya karibuni wapiganaji wa mitindo mchanganyiko wamewaaibisha ulingoni watu waliojiita mabingwa wa Wing Chun, na kila kanda kama hiyo ikisambaa, kejeli hufuata. Wafuasi wenye busara hujibu kwamba mikono isiyowahi kugusana na mtu asiyetaka kushirikiana haiwezi kudai inajua kupigana, na humtaja Wong na paa za Hong Kong.

Mnamo 1967 Ip Man na wanafunzi wake walisajili chama cha Wing Chun mjini Hong Kong, hatua iliyouondoa mtindo huo gizani rasmi. Muda si mrefu baadaye alipunguza kufundisha na kuachia wengine kazi hiyo. Asubuhi zake alizimalizia katika mikahawa ya chai, akizungukwa na watu ambao baadhi yao hawakujua kung fu hata kidogo.

Saratani ya koo ilimpata. Aliaga dunia Desemba 1, 1972, nyumbani kwake katika barabara ya Tung Choi, eneo la Mong Kok, akiwa na umri wa miaka 79. Bruce Lee, ambaye wakati huo alikuwa nyota mkubwa kuliko wote barani Asia, alimfuata Julai 20, 1973. Mnamo 2002 jumba la ukumbusho wake lilifunguliwa katika hekalu kuu la mji wa Foshan, mji ambao aliutoroka na asirejee.

Wiki chache kabla ya kifo chake, wanawe walileta kamera nyumbani. Mzee, amekonda, alisimama mbele yake akafanya mtungo wa kwanza, kisha wa pili, kisha akaikabili sanamu ya mbao. Hakufika kwenye mtungo wa tatu, wala kwenye mti na visu. Kanda hiyo haina sauti. Wafuasi wa Wing Chun huitazama, huisimamisha, huirudisha nyuma na kubishana iwapo kiwiko kilikuwa hapa au pale, na iwapo mkono ulioshuka kidogo ulikuwa mbinu au ni uchovu wa mgonjwa.